Akishtakiwa Mtu Wetu

Leo hakuna klipu ya kuchekesha. Leo tunaongea kuhusu korti, na najua wengine mtatoroka mkiona neno "kifungu", lakini vumilieni. Hii stori inatuhusu sisi watu wa Ukambani kuliko tunavyokubali.

Kwa wale wageni hapa: babangu ni wa Makueni, upande wa Wote. Mamangu ni wa Kitui, upande wa Kabati. Kwa hivyo simu yangu ina makundi mawili ya WhatsApp ya familia, na kila mara kiongozi wa zamani akipandishwa kizimbani pale Milimani, makundi yote mawili hulipuka. Kuna wajomba wa "afungwe, wezi hawa". Kuna mashangazi wa "wanamuonea bure". Halafu kuna ile sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi mpaka naiona hata nikifunga macho: "Ni kwa sababu ni Mkamba."

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio tusipoteze muda. Hakuna "mtu wetu" mbele ya hakimu. Kuna mshtakiwa. Na huyo mshtakiwa ana haki zake zote, awe gavana wa zamani mwenye mawakili saba au kijana wa kubeba makaa. Shida yetu ni kwamba tunamkumbuka wa kwanza tu.

Twende polepole.

Tuanze na Sonko na Waititu

Desemba 6, 2019, Mike Sonko, gavana wa Nairobi wakati huo, alikamatwa Voi. Mliiona ile video, msinidanganye. Vurugu, makarao kila mahali, halafu helikopta ikamrudisha Nairobi. Akashtakiwa kwa makosa ya ufisadi, akawekewa dhamana ya pesa taslimu shilingi milioni 15, na mahakama ikamwambia asikanyage ofisini mwake kesi ikiendelea.

Sonko hakuwa gavana wa Kitui wala Makueni. Lakini ni Mkamba, ana nyumba Mua kule Machakos, na kwa watu wetu hiyo ilitosha. Jamaa ambao hawajawahi kupiga kura Nairobi waligeuka mawakili wake usiku mmoja. "Wanatumaliza." "Wanaogopa Mkamba akiwa na pesa." Sikuona mtu hata mmoja akiuliza: mashtaka yanasema nini hasa?

Sasa ruka hadi Februari 2025. Ferdinand Waititu, gavana wa zamani wa Kiambu, anapatikana na hatia. Kesi yake ilikuwa ya kandarasi ya barabara ya shilingi milioni 588, iliyopewa kampuni ambayo baadaye mamilioni yake yaliingia kwenye biashara zinazohusiana naye. Adhabu: faini ya shilingi milioni 53.5 au miaka 12 gerezani. Katika makundi yale yale mawili, ilikuwa sherehe. Vicheko, stika, "Baba Yao sasa baba ya nani?" Hakuna aliyesema wanamuonea. Hakuna aliyejiuliza kama atakata rufaa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ni Mkikuyu.

Si nasema Waititu alionewa. Korti ilisikiliza ushahidi kwa miaka na ikaamua. Nachosema ni hiki: wote wawili walishtakiwa chini ya sheria zile zile za kupambana na ufisadi, na mbele ya mahakama zile zile za Milimani. Tofauti iliyobadilisha maoni yetu ilikuwa jina la ukoo. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sisi tunataka ukate upande wa jirani tu.

Na kesi ya Sonko ilikwendaje? Desemba 2022 mahakama ilimwachilia huru katika moja ya kesi zake, ile ya madai ya hongo ya shilingi milioni 20. Mashangazi wakapiga vigelegele: "Tuliwaambia!" Lakini hapo kuna kitu kimewapita wengi. Kuachiliwa huku hakukumrudishia uongozi. Kwa nini? Kwa sababu Desemba 2020 alikuwa ameng'olewa na bunge la kaunti na Seneti ikathibitisha, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ikakataa rufaa yake. Kung'olewa ni njia moja, kesi ya jinai ni njia nyingine. Unaweza kushinda hii na ukapoteza ile. Ukimwona mtu mtandaoni akisema "korti ilimsafisha, kwa nini hawamruhusu kuwania," sasa una jibu.

Na hapa nyumbani Kitui?

Hii ndiyo inanigusa zaidi, kwa hivyo nitaenda kwa uangalifu.

Machi 2015, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilimpa Rais Uhuru Kenyatta orodha ya majina. Vyombo vya habari viliiita orodha ya aibu. Mawaziri kadhaa wakaambiwa wakae kando uchunguzi ukifanyika. Mmoja wao alikuwa Waziri wa Ardhi, Charity Ngilu, mama wa Kitui. Agosti mwaka huo akafikishwa kortini, akishtakiwa kwamba alizuia wachunguzi waliokuwa wakifuatilia ardhi ya ekari 134 kule Karen. Alikana. Kufikia mwisho wa mwaka hakuwa tena waziri.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2017, Kitui ikampa ugavana. Alimshinda Julius Malombe aliyekuwa kwenye kiti, na akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya, pamoja na Joyce Laboso wa Bomet na Anne Waiguru wa Kirinyaga.

Ngilu hakupatikana na hatia katika jambo lile. Naandika hiyo sentensi peke yake kwa sababu kuna watu huisahau wakitaka kumtukana. Lakini kuna sentensi ya pili ambayo upande wa pili huisahau: kura haikumsafisha pia. Kura si hukumu. Nimesikia watu wazima Kitui wakisema, "Wananchi ndio korti kubwa." Manze, hapana. Mpiga kura hajaona faili. Hajamsikia shahidi hata mmoja. Anapiga kura kwa sababu ya maji, barabara, chama, na pengine kwa sababu mtu fulani alimzikia mamake. Hizo ni sababu halali za kupiga kura. Si sababu za kusema nani alizuia uchunguzi na nani hakuzuia.

Na hatukuanzisha mchezo huu sisi. Nchi nzima iliufundishwa mwaka 2013, wakati Uhuru Kenyatta na William Ruto walipoenda kwenye uchaguzi wakiwa na kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, wakashinda. Kesi ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikakatizwa Aprili 2016. Tangu hapo kila mwanasiasa anayeshtakiwa anajua njia: kutoka kortini, panda juu ya gari, shika kipaza sauti, waambie watu wako kwamba wanaoshtakiwa ni wao. Kesi inageuka kampeni. Na sisi tunageuka umati.

Hizo tetezi zao, tuzichambue

Nimesikiliza hotuba za nje ya korti hadi nikaona zinajirudia. Kuna tetezi za kweli kisheria, na kuna za kipaza sauti. Mara nyingine ni maneno yale yale, uzito tofauti.

"Hii ni siasa." Hii ndiyo maarufu. Je, inaweza kuwa kweli? Ndiyo, na si mara moja. Novemba 2022, kesi ya Rigathi Gachagua ya shilingi bilioni 7.4 iliondolewa akiwa Naibu Rais, miezi michache tu baada ya uchaguzi. Afisa aliyeichunguza alisema kwa kiapo kwamba alisukumwa na wakubwa wake. Fikiria hiyo. Kama alisukumwa kweli, basi kesi ilikuwa silaha ya siasa. Kama hakusukumwa, basi kuiondoa ndiko kulikuwa siasa. Vyovyote vile, mwananchi amechezewa.

Kwa hivyo siwezi kumwambia mtu asiwe na shaka. Lakini Katiba inajua shaka hiyo. Kifungu 157 kinamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azingatie maslahi ya umma na kuzuia sheria isitumiwe vibaya, na akitaka kuondoa kesi lazima apate ruhusa ya mahakama. Mshtakiwa naye anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba kesi isimamishwe kwa sababu ni ya kumwonea. Tofauti ni hii: kule anatakiwa kuonyesha ushahidi wa kuonewa. Juu ya gari hatakiwi kuonyesha chochote.

"Sikusaini mimi." Hii ni tetezi ya maana kuliko inavyosikika. Chini ya sheria ya fedha za umma ya 2012, anayewajibika kwa pesa za idara ya kaunti ni afisa mkuu wa idara, si gavana. Gavana anaweza kusema kwa mdomo mkavu kwamba jina lake haliko kwenye hundi hata moja, na akawa anasema ukweli. Ndiyo maana kesi zilizofaulu hazikufuata saini. Zilifuata pesa. Kwa Waititu swali lilikuwa: pesa za kandarasi zilitua wapi mwishowe? Kwa Moses Lenolkulal, gavana wa zamani wa Samburu aliyepatikana na hatia Agosti 2024, swali lilikuwa rahisi hata zaidi: kwa nini kaunti ilikuwa ikinunua mafuta kwenye kituo cha petroli cha gavana mwenyewe? Hapo saini haikusaidii.

Kesi hiyo ya Lenolkulal ndiyo pia ilileta ule uamuzi wa Julai 2019, Jaji Mumbi Ngugi aliposema gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi hawezi kuendelea kuingia ofisi ile ile anayodaiwa kuiba. Kabla ya hapo magavana walikuwa wanatoka kizimbani saa tano na kuidhinisha malipo saa nane.

"Mahakama imeniachilia, kwa hivyo sikuiba." Polepole hapo. Henry Rotich, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishtakiwa Julai 2019 kwa ajili ya mabwawa ya Arror na Kimwarer. Desemba 2023 akaachiliwa. Upande wa mashtaka ulikuwa umeorodhesha mashahidi 49. Waliotoa ushahidi ni 8. Hata kuwauliza mashahidi maswali ikawa shida. Hakimu angefanya nini? Hawezi kumfunga mtu kwa ushahidi ambao haukuletwa.

Korti huuliza swali moja tu: je, upande wa mashtaka umethibitisha bila shaka ya maana? Jibu likiwa hapana, mtu anaenda nyumbani. Hiyo haimaanishi yeye ni mwizi aliyeponyoka, na wala haimaanishi pesa zilitumika vizuri. Ukitaka kukasirika, kasirikia waliokuja kortini mikono mitupu.

"Nina kinga." Kwa Kenya, hii ni ya mtu mmoja tu. Kifungu 143 kinamlinda Rais dhidi ya kesi za jinai akiwa madarakani, na hata hiyo haimlindi kwa makosa yaliyo kwenye mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imekubali na inayokataza kinga hiyo. Akitoka ofisini, ulinzi unaisha. Gavana hana, seneta hana, MCA hana. Si ajabu duniani: Ufaransa, Rais wa zamani Nicolas Sarkozy aliingia gerezani Oktoba 2025. Afrika Kusini, Jacob Zuma aliingia Julai 2021 kwa kudharau mahakama. Lakini angalia kilichofuata kule kwa Zuma: fujo, maduka kuchomwa, zaidi ya watu 300 wakafa. Hao waliokufa wengi walikuwa watu wa kawaida. Hiyo ndiyo bei ya "mtu wetu" ikifika mwisho wake.

Susu na kithitu

Wakati wa ile kelele ya Waititu nilikuwa Kabati kwa susu, nyanya yangu. Alikuwa anasikiliza redio huku anapepeta mahindi ya muthokoi. Akaniuliza swali ambalo sijalisikia kwa mchambuzi yeyote wa televisheni: "Huyu alisema hakuiba. Sasa kama aliiba na akasema hakuiba, mbona hajafa?"

Kwa susu, ukisimama mbele ya watu ukakana, umeapa. Na kiapo anachokijua ni kithitu. Wakamba wa umri wake hawachezi na kithitu. Ukiapa uongo, hufi peke yako, kinaingia nyumba nzima. Ndiyo maana kwao kesi ya ng'ombe ilikuwa inaisha kabla ya kiapo, kwa sababu mwongo alikuwa anakubali mapema.

Nilijaribu kumwelezea. "Susu, kule kortini ukisema 'sikubali', hujaapa. Umesema tu: nyinyi mnaonishtaki, thibitisheni." Akafikiria. Akasema, "Kwa hivyo hata asiye na hatia na mwenye hatia wanasema neno moja?" Nikamwambia ndiyo. "Na hakimu anawatofautishaje?" Kwa ushahidi, nikasema. Akaendelea kupepeta mahindi kidogo, kisha akasema kitu kilichonifanya niandike haya yote:

"Basi kwa nini mtoto wetu alisema amekubali?"

Mtoto wetu

Mtoto wetu ni binamu yangu. Jina lake halitakuja hapa. Ana miaka 23, anaendesha bodaboda, na mwaka juzi alishikwa akiwa amebeba magunia manne ya makaa bila kibali cha kusafirisha. Makaa hayakuwa yake. Alikuwa amelipwa mia nane kuyafikisha kwenye barabara kuu.

Alilala seli usiku mmoja. Asubuhi, mtu aliyekuwa na sare akamwambia, "Kubali tu, itaisha haraka, utapigwa faini ndogo uende." Hakuwa na wakili. Hakujua kwamba anaweza kuomba muda. Mashtaka yalisomwa kwa Kiswahili kigumu ambacho hata mimi ningekihitaji mara mbili, na yeye Kiswahili chake ni cha stendi. Akaulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli. Dakika tano, kesi imeisha. Faini shilingi elfu thelathini au miezi mitatu.

Elfu thelathini hatukuwa nayo siku hiyo. Alikaa ndani siku kumi na tisa hadi susu alipouza ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa, si wa mchezo. Bodaboda ilikuwa ya mkopo, ikachukuliwa. Mwenye makaa hadi leo hajulikani.

Sasa nataka usome Kifungu 50 cha Katiba ukimfikiria yeye. Una haki ya kuchukuliwa kuwa huna hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Una haki ya kuelezwa mashtaka kwa kina cha kutosha. Una haki ya kupewa muda wa kujitayarisha. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya mkalimani bila kulipa kama huelewi lugha ya korti. Una haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali kama ukikosa wakili haki itaumia vibaya. Na Kifungu 49 kinasema una haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito za kukunyima.

Kila mojawapo ya hizo ndiyo tunayoiita "ujanja wa mawakili" tukiiona ikitumiwa na gavana wa zamani. Wakili akisema karatasi ya mashtaka haina maelezo ya kutosha, tunasema anachelewesha. Akiomba siku thelathini asome nyaraka, tunasema wanakula njama. Lakini kama mtu mmoja angemwombea binamu yangu siku saba tu, pengine angesema kwamba makaa hayakuwa yake, pengine mwenyewe angetafutwa, na ng'ombe angekuwa zizini.

Hapa ndipo nawatofautiana na wale wa "hawa wezi wasipewe hata wakili, wafungwe tu." Naielewa hasira. Lakini ukimnyima Waititu haki ya kujitetea, hujampa binamu yangu chochote. Umebomoa tu ukuta ambao yeye anauhitaji zaidi. Mwenye pesa akibomolewa ukuta atajenga mwingine. Sisi tutalala nje.

Na nawatofautiana pia na wale wa "wanamuonea". Wiki ile binamu yangu yuko ndani, makundi yangu mawili ya WhatsApp yalikuwa kimya. Mtu mmoja aliandika "pole", mwingine akatuma mia mbili. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ni Mkamba. Hakuna aliyefunga safari kwenda kortini na fulana yenye picha yake.

Makueni ilitufundisha kitu

Watu hupenda kuiandika Makueni kama mfano mzuri, na mara nyingine wanazidisha. Lakini kuna sehemu ya kweli. Septemba 23, 2014, risasi zilifyatuliwa kwenye bunge la kaunti pale Wote na watu wakajeruhiwa. MCA na Gavana Kivutha Kibwana walikuwa wamekwama kwenye vita vya bajeti. Badala ya kungoja wakubwa wamalizane, wakazi wakatia saini kuomba kaunti yote ivunjwe, gavana na MCA wote waende nyumbani. Tume ikaundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikaketi, ikasikiliza watu. Mwaka 2015 Rais Uhuru akakataa kuivunja kaunti. Lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Kilichofuata ndicho kinanifurahisha zaidi. Makueni ikatilia mkazo kamati za wananchi za kusimamia miradi. Zahanati inajengwa kijijini, kamati ya kijiji inaangalia saruji, inahesabu mabati, na mkandarasi anahitaji kibali cha kamati kabla ya kulipwa. Shangazi yangu amekaa kwenye moja. Hana digrii. Ana daftari la mistari na kalamu ya bluu, na fundi alikuwa anamwogopa kuliko mhandisi.

Kesi ya jinai huja pesa zikiwa zimeshaenda. Waititu alishtakiwa 2019 na kuhukumiwa 2025. Miaka hiyo sita hakuna aliyerudisha barabara. Daftari la shangazi linafanya kazi kabla ya pesa kutoka. Ni la bei rahisi, na halihitaji shahidi wa 49.

Kwa hivyo tufanye nini?

Siwezi kuwaambia mwende sheria ya Parklands wote. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo mtu wa miaka 19 mwenye bando la siku anaweza.

Kwanza, kabla ya kuposti chochote kuhusu kiongozi aliyeshtakiwa, tafuta mashtaka yenyewe. Anadaiwa kufanya nini, lini, na pesa ngapi? Halafu badilisha jina. Weka la kiongozi wa kabila lingine. Kama maoni yako yamebadilika, hayo hayakuwa maoni. Yalikuwa ukoo.

Pili, iulize kaunti yako. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaandika barua au barua pepe, unauliza mradi fulani uligharimu kiasi gani na nani alipewa, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Watu wa Mwingi, ile zahanati mnayopigia picha kila mwaka ikiwa haina paa, kuna mtu anajua bei yake.

Tatu, na hii naomba kwa moyo: mfundishe mtu mmoja wa bodaboda maneno haya. "Naomba muda nipate wakili." Ni sentensi fupi. Anaweza kuisema kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Kiingereza cha kuvunjika, na hakimu atailewa. Mwambie pia kwamba kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasio na pesa za wakili. Mwambie asikubali kosa kwa sababu mtu amemwambia itaisha haraka.

Kiongozi mwingine wa zamani atashtakiwa. Inaweza kuwa mwezi ujao, na anaweza kuwa wa kwetu kabisa, wa Kitui au Makueni. Atatoka kortini, atapanda gari, atasema wanatumaliza. Atatumia neno "sisi".

Ukilisikia, jiulize alikuwa wapi hiyo "sisi" ilipokuwa inauza ng'ombe.